Boila ya Gesi na Umeme Uliokatika

Sisi watu wa pwani tukisikia kwamba umeme umekatika, humtuma mtoto alete taa au mshumaa, tukafungua madirisha kwa kuwa feni imesimama, kisha tukangoja. Ni udhia, lakini si msiba. Ama ndugu zetu na watoto wetu walioko Uingereza, Kanada, Marekani na nchi nyinginezo za baridi, kwao jambo hilo lina sura nyingine kabisa. Umeme ukikatika katika usiku wa Januari, nyumba huanza kupoa, na baada ya saa chache chumba alicholazwa mtoto mchanga au bibi mzee huwa si chumba cha kulala mtu.

La ajabu ni kwamba nyingi katika nyumba hizo hazipashwi moto kwa umeme. Hupashwa kwa gesi. Gesi imo ndani ya bomba, haikukatika, na jiko la kupikia laweza kuwashwa kwa kiberiti. Hata hivyo mtambo wa kupasha moto nyumba umezimika. Mgeni asiyejua sababu hudhani kwamba mtambo umeharibika. Hubonyeza kila kitu cha kubonyezwa, humwita fundi usiku wa manane, au, na hili ndilo tunaloliogopa zaidi, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango.

Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa taratibu, kwa faida ya wanaoishi huko na kwa faida ya wazazi walioko huku ambao wana watoto ugenini. Tangu miaka ya 1960 watu wa pwani hii wamekuwa wakihamia Uingereza na kwingineko, na leo ni nyumba chache za miji yetu zisizo na jamaa katika nchi ya baridi. Neno letu kwa ufupi ni hili: boila ya gesi yahitaji umeme kidogo sana ili ifanye kazi, na umeme huo mdogo waweza kuwekwa tayari mapema na kwa usalama, lakini asiyejiandaa mapema asijaribu kubuni dawa ndani ya giza.

Mtambo wenyewe

Boila ni sanduku la chuma litundikwalo ukutani, mara nyingi jikoni. Ndani yake gesi huwaka, na moto wake hupasha maji yanayopita katika mabomba membamba. Maji hayo ya moto husukumwa na pampu hadi katika redieta, nazo ni mabamba ya chuma yaliyofungwa katika kila chumba. Redieta hutoa joto chumbani, na maji yaliyopoa hurudi katika boila yakapashwa tena. Huo ni mzunguko usiokoma. Boila za namna nyingi hupasha pia maji ya bombani, ya kuogea, ya kuoshea vyombo na ya kutawadhia.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika boila kinga ya kwanza ni gesi, na ya pili ni umeme. Umeme ndio unaozungusha pampu isukumayo maji. Umeme ndio unaozungusha feni inayovuta hewa safi kutoka nje na kuutoa moshi. Umeme ndio unaofungua vali ya gesi, ndio unaotoa cheche ya kuwasha, na ndio unaolisha ubongo wa mtambo, yaani kibao chenye vyombo vidogo vinavyopima joto na kutoa amri. Katika nyumba nyingine zipo pia vali nje ya boila zinazofunguliwa kwa umeme, na kipimajoto cha ukutani kiitwacho themostati. Kimojawapo kikikosa umeme, nyumba haipati joto.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini mafundi wasitengeneze boila isiyotaka umeme? Jawabu ni kwamba zilikuwapo, na bado zipo chache. Zile za zamani zilikuwa na kimoto kidogo kisichozimika mchana na usiku. Kimoto hicho kilichoma ncha ya nyaya mbili za madini mbalimbali, na joto hilo lilizaa umeme mdogo mno, nao ulitosha kuishikilia vali ya gesi iwe wazi. Maji yalizunguka yenyewe, kwa sababu maji ya moto ni mepesi, hupanda, na ya baridi ni mazito, hushuka. Lakini boila hizo zilipoteza gesi nyingi, na joto jingi lilitoka pamoja na moshi. Za siku hizi huunyonya hata ule moshi ukapoa mpaka mvuke uliomo ukageuka maji. Katika England na Wales sheria imetaka namna hii tangu mwaka 2005. Gharama imepungua, lakini mtambo hauwezi tena kujitegemea.

Tena iko sababu ya usalama. Vali ya gesi imefanywa kwa makusudi ili umeme ukikatika ijifunge yenyewe. Lau ingebaki wazi bila ya moto, gesi ingejaa nyumbani. Kwa hiyo boila inapozimika wakati wa giza, haikuharibika. Imefanya kama ilivyofunzwa. Mtu asijaribu kamwe kuifungua na kuilazimisha.

Yaliyokwisha kutokea

Wako watakaosema kwamba nchi zile ni tajiri, na umeme wake haukatiki. Hukatika. Usiku wa tarehe 26 Novemba 2021 tufani iliyopewa jina la Arwen ilipiga Uskochi na kaskazini ya Uingereza. Miti iliangukia nyaya, na wateja zaidi ya milioni moja walikosa umeme. Wengi walirudishiwa upesi, lakini nyumba karibu 4,000 zilikaa zaidi ya wiki nzima bila umeme, na baridi ilikuwa imeshika.

Februari ya mwaka huohuo, jimbo la Texas nchini Marekani lilishukiwa na baridi isiyo ya kawaida yake. Zaidi ya nyumba na maduka milioni 4 yalikosa umeme, mengine kwa siku kadha. Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa kwa sababu ya msiba ule. Wengi waliuawa na baridi. Lakini 19 hawakuuawa na baridi. Waliuawa na hewa ya sumu, iliyotoka katika vitu kama jenereta, magari na majiko ambayo watu waliyawasha ili kupata joto au umeme. Nambari hii tunaomba msomaji aiweke moyoni, kwani tutairudia.

Tena kuanzia tarehe 10 Oktoba 2022, mitambo ya umeme ya Ukraine ilishambuliwa kwa makombora mara kwa mara, na mamilioni ya watu walizoea kuishi kwa umeme wa saa chache. Huko watu wa kawaida, walimu, wauza duka na wastaafu, walijifunza kuziendesha boila zao kwa betri. Basi jambo hili si la wataalamu peke yao. Laweza kufanywa na familia ya kawaida yenye subira na fundi mwaminifu.

Umeme wa kiasi gani?

Hapa ndipo penye habari njema. Boila ya gesi ya nyumba ya kiasi, pamoja na pampu yake na feni yake, kwa kawaida hula umeme wa wati 100 hivi inapowaka. Nyingine hula pungufu, nyingine hufika 150 au zaidi kidogo. Linganisha na birika la umeme, ambalo hula wati 2,000 hadi 3,000. Umeme wa kuchemshia birika moja waweza kuendesha boila ishirini!

Na tufanye hesabu, kama tunavyowafanyia watoto ubaoni. Boila ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula wati-saa 1,000. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina, kwa kuzidisha, wati-saa 1,200. Lakini si zote zinazotumika. Ikiwa ni betri ya risasi, kama zile za magari na za sola za zamani, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, ama sivyo itakufa mapema. Basi hubaki 600. Na chombo cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba, yaani inveta, nacho hula sehemu yake, hata zikabaki 500 na kidogo. Hizo ni saa 5 za boila kuwaka mfululizo. Ikiwa betri ni ya lithiamu ya namna iitwayo fosfeti ya chuma, sehemu kubwa yake yaweza kutumika, na saa huwa 9 au 10.

Lakini boila haiwaki mfululizo. Nyumba ikisha kupata joto, themostati huizima, ikaiwasha tena joto linaposhuka. Ikiwa watu wa nyumba watafunga redieta za vyumba wasivyovitumia, na kupunguza joto hata nyuzi 18, betri ileile yaweza kuvusha usiku kucha.

Walioko Kanada na Marekani waangalie jambo moja. Huko nyumba nyingi hazina maji ya redieta. Zina tanuri ya gesi inayopasha hewa, na feni kubwa huisukuma hewa hiyo katika vyumba kwa njia za bati. Feni hiyo hula umeme mwingi kuliko pampu, mara nyingi wati 500 na kuzidi. Hesabu yao ni nyingine, na betri moja haitawafikisha mbali. Kila mtu na asome kibandiko cha mtambo wake mwenyewe, au kitabu chake, asitegemee nambari ya jirani.

Umeme lazima uwe safi

Wati peke yake haitoshi. Umeme wa nyumbani huenda na kurudi kama wimbi la bahari iliyotulia, hupanda taratibu na kushuka taratibu, mara 50 kwa sekunde katika Uingereza na mara 60 katika Marekani. Inveta nzuri huiga wimbi hilo sawasawa. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi, linaloruka na kushuka kwa vishindo. Taa itawaka kwa umeme huo na simu itajaa, lakini pampu itanguruma na kupata moto, na ubongo wa boila waweza kuchanganyikiwa au kuungua. Kwa hiyo anayenunua na aulize waziwazi kama inveta ni ya wimbi laini kamili, na asikubali jibu la kuzungukazunguka. Kwa boila ya kawaida, inveta ya wati 500 yatosha, maana pampu na feni hutaka nguvu ya ziada kwa muda mdogo zinapoanza.

Vijana wengi wana vyombo vya kulindia kompyuta umeme unapokatika. Hivi navyo vingi hutoa wimbi la ngazi, na betri yake ni ya dakika chache tu. Asiviamini mtu kwa boila mpaka ahakikishe namna ya wimbi lake na ukubwa wa betri yake.

Liko jambo jingine ambalo limewahangaisha wengi. Boila hujuaje kwamba moto umewaka? Ndani yake mna kijiti cha chuma kinachoingia katika mwali. Mwali wa moto hupitisha umeme mdogo kupita kiasi, wa sehemu za milioni za ampea, kutoka katika kijiti hicho hadi katika chuma cha boila kilichofungwa na waya wa ardhini, yaani erthi. Ubongo ukiuona umeme huo, husema moto upo. Usipouona, hufunga gesi mara moja.

Sasa, katika umeme wa mtaani, waya wa nyutro umefungamana na erthi mahali fulani kabla ya kufika nyumbani au mlangoni pake. Lakini inveta nyingi na jenereta nyingi ndogo hazina kifungo hicho. Nyaya zake zote mbili zinaelea. Hapo mwenye nyumba huona mambo ya ajabu: boila inapata umeme, feni inazunguka, cheche inatoka, moto unawaka, kisha unazimika baada ya sekunde chache, na taa nyekundu inawaka. Boila si mbovu, na inveta si mbovu. Kinachokosekana ni kile kifungo cha nyutro na erthi. Baadhi ya boila hukataa pia ikiwa waya wa moto na wa nyutro zimebadilishana mahali. Dawa yake ipo na ni ndogo, lakini ni kazi ya fundi wa umeme mwenye cheti, kwa sababu kifungo hicho kikitiwa mahali pasipo pake chaweza kumuua mtu.

Namna ya kuunganisha

Katika Uingereza boila nyingi hazina plagi. Waya wake umefungwa moja kwa moja katika swichi ya ukutani yenye fyuzi ya ampea 3. Fundi aweza kuibadili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutia plagi na soketi, ili umeme ukikatika mwenye nyumba aichomoe plagi ya boila katika soketi ya ukutani na kuichomeka katika inveta. Njia ya pili ni kutia swichi ya kugeuzia, yenye pande mbili: upande mmoja umeme wa mtaani, upande mwingine umeme wa betri, na haiwezekani zote mbili kushikana kwa wakati mmoja. Fundi akumbushwe kuziunganisha pamoja na boila zile vali za nje na themostati, la sivyo boila itakuwa hai na nyumba itabaki baridi.

Kuna njia ya tatu, nayo ni haramu kwa kila mwenye akili. Baadhi ya watu hutengeneza waya wenye plagi mbili za kiume, wakachomeka upande mmoja katika jenereta na mwingine katika soketi ya ukutani, ili nyumba yote iwake. Umeme huo hautaishia nyumbani. Hutoka kwenda mtaani, ukapita katika transfoma kwa kurudi nyuma, ukakua kutoka mamia ya volti hadi maelfu. Juu ya nguzo yuko fundi, baba wa watoto wa watu, anayetengeneza waya akidhani kwamba umekufa. Afanyaye hivyo amejitafutia joto la usiku mmoja kwa roho ya mtu.

Mwenye jenereta na aiweke nje kabisa, mbali na nyumba kwa mita 6 au zaidi, moshi wake usielekee madirishani. Isiwekwe gereji, hata mlango ukiwa wazi. Isiwekwe chini ya ngazi wala barazani. Na anayetumia betri ya gari kwa inveta huku injini inaunguruma, gari nalo liwe nje, si gereji. Betri za risasi zinapojazwa hutoa hewa iwezayo kushika moto, basi zikae mahali penye kupita upepo. Betri za lithiamu hazifai kujazwa zikiwa katika baridi ya kugandisha, basi zisihifadhiwe bandani.

Sumu isiyo na harufu

Tumefika katika lile tuliloahidi kulirudia. Kitu chochote kinachoungua, mkaa, kuni, petroli, mafuta ya taa au gesi, kikikosa hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, hushikamana na damu yake kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni, hata damu ikawa haina nafasi ya kuchukua kilicho muhimu. Kichwa huuma, kizunguzungu hufuata, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyelala haamki.

Watu wetu wamekulia katika jiko la mkaa, wala hawaliogopi, kwa sababu nyumba zetu za pwani zina madirisha wazi, na jiko huwashwa uani. Nyumba ya Ulaya imezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Jiko lilelile lililopika wali wa familia miaka thelathini bila ya kumdhuru mtu, likiingizwa katika chumba cha namna ile laweza kuua watu wa nyumba nzima kabla ya alfajiri. Hata chetezo cha udi, chenye makaa mengi, si cha kuachwa kinawaka katika chumba kilichofungwa watu wakiwa wamelala. Wala jiko la gesi la kupikia lisigeuzwe kuwa la kupashia chumba, likishapika, lizimwe.

Kwa hiyo kila nyumba yenye boila iwe na king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri yake. Bei yake si kubwa, na king'ora kijaribiwe kila mwezi. Dalili moja ni ya kukumbukwa: watu wawili watatu wakiumwa na kichwa pamoja katika nyumba moja, na wakitoka nje wakapata nafuu, wasirudi ndani. Na wazimie gesi mahali pa mita kama waweza, kisha waombe msaada. Katika Uingereza, nambari ya dharura ya gesi ni 0800 111 999.

Boila ikikataa kabisa

Huenda mtu hana betri, au betri imekwisha. Basi na azingatie kuhifadhi joto lililopo. Watu wote wakusanyike katika chumba kimoja kidogo, chenye madirisha machache, mapazia yafungwe, na nguo iwekwe chini ya mlango. Nguo nyepesi nyingi ni bora kuliko nzito moja, na kichwa cha mzee kifunikwe. Jiko la gesi likiwashika kwa kiberiti, watu wanywe uji au chai ya moto. Chupa za maji ya moto zifungwe kwa kitambaa kabla ya kuwekwa kitandani kwa mtoto au mzee, zisimchome.

Baridi ikiwa ya kugandisha, maji ndani ya mabomba ni hatari nyingine. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, na hapana bomba la shaba linaloweza kuyazuia. Barafu ikiyeyuka, nyumba hufurika. Kila mtu wa nyumba, hata kijana wa miaka kumi na miwili, ajue iko wapi koki kuu ya kufungia maji. Na kile kibomba chembamba cha plastiki kinachotoa maji ya boila nje ya ukuta kivishwe kivazi cha kuzuia baridi mapema, kwani huganda upesi na kuizima boila hata umeme ukiwapo. Kikiganda, kimwagiwe maji ya vuguvugu, si ya kuchemka.

Umeme ukirudi, tusikimbilie. Kwanza kitazamwe kipimo cha maji ya boila. Kwa kawaida huwa kati ya bari 1 na bari 1.5 boila ikiwa baridi. Saa yake irekebishwe. Kibonyezo cha kuanzisha upya kibonyezwe mara moja, au mara ya pili baada ya dakika chache. Ikikataa, aitwe fundi aliyesajiliwa. Katika Uingereza mafundi wa gesi wote huwa katika daftari la Gas Safe, lililoanza mwaka 2009, na kila mmoja ana kadi. Ni haki ya mwenye nyumba kuiomba aione.

La kufanya tangu sasa

Matayarisho haya hayangoji tufani. Katika Septemba au Oktoba, siku ambayo hakuna baridi kali, familia na ijaribu: izime umeme wa boila, iunganishe betri, iiache boila iwake saa mbili. Katika saa hizo mbili kila kasoro itajitokeza, na fundi atapatikana mchana kwa bei ya mchana. Mwenye kujaribu kwa mara ya kwanza usiku wa theluji, hajajiandaa. Amenunua vitu tu.

Katika Uingereza iko pia orodha ya kampuni za umeme ya watu wanaopaswa kutangulizwa kusaidiwa: wazee waliofika umri wa pensheni, wagonjwa, wenye vyombo vya tiba vinavyotaka umeme, na wenye watoto wa chini ya miaka 5. Kujiandikisha hakulipiwi. Wazee wengi wetu hawajui kwamba ipo, au huona haya kuomba. Kijana ajuaye lugha na amwandikishe mama yake, kisha jirani yake, wa dini yoyote na wa rangi yoyote. Nambari ya kuulizia umeme uliokatika ni 105, nayo ni ya bure. Simu ya mkononi iwe imejaa, kwa sababu simu nyingi za nyumbani siku hizi hupita katika intaneti, na umeme ukienda nazo huenda.

Nasi wazazi tulioko huku tuna kazi yetu. Watoto wetu wakitupigia simu, huwauliza habari za masomo, za kazi na za ndoa. Na tuongeze maswali matatu: je, nyumba yenu ina king'ora cha sumu ya moshi? Je, fundi ameiangalia boila mwaka huu? Je, umeme ukikatika usiku, mtafanya nini? Kijana asiyeweza kulijibu swali la tatu, tumwambie akae chini alifikiri kabla hatujakata simu.